Uso wa Ojwang', mfuko wa Wanjau

*Benson Wanjau aliigiza kwa zaidi ya miongo mitatu, hadi nchi ikasahau kwamba alikuwa na jina jingine. Swali la nani alistahili kulipwa kila kanda zake ziliporudiwa hewani bado linasubiri jibu.*

NA MWANDISHI WETU, LOWARENGAK

Mabishano yalianzia kwenye simu. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima, upepo wa ziwa umeanza kugonga mabati ya vibanda vya Lowarengak, na wanaume kadhaa walikuwa wamejikusanya mbele ya kibanda cha kuchajia simu, kile chenye sola juu ya paa. Mmoja alikuwa akiwaonyesha wenzake kipande cha zamani cha kipindi cha vichekesho, *Vitimbi*. Mzee Ojwang' anajitetea kwa mkewe kuhusu pesa ambazo hazionekani zilikokwenda. Mke anamtazama tu. Waliokuwa wakitazama walicheka kabla uongo wenyewe haujafika mwisho.

Mchuuzi mmoja wa samaki, Mjaluo aliyekuja kununua samaki wakavu, akasema kwa fahari kwamba huyo mzee ni mtu wa kwao. Kijana wa papo hapo, aliyesomea Lodwar, akamrekebisha: mzee huyo aliitwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu.

Mchuuzi alikataa katakata. Mtu hawezi, alisema, kuazima ulimi wa watu kiasi hicho. Alikuwa tayari kuweka dau la gunia zima la samaki, na nusura apate wa kumpokea.

Lowarengak iko kaskazini ya mbali. Ukitoka Lodwar unapita Kalokol, kisha Kataboi na Nachukui, ziwa likiwa upande wako wa kulia karibu safari nzima. Mbele yake kuna Todonyang, na baada ya Todonyang ni Ethiopia. Waturkana wa huku wamezoea kusema kwamba mtu aliyesafiri kwenda Kitale au Nairobi "amekwenda Kenya", na msafiri akishaonja barabara hiyo haulizi kwa nini. Kwa miaka mingi Kenya hiyo iliwatumia polisi, magunia ya chakula cha msaada, wagombea wa kila baada ya miaka mitano, na Mzee Ojwang'.

Kati ya hao wote, ni Ojwang' peke yake ambaye hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Mzee kabla ya uzee

Wanjau alizaliwa mwaka 1937 na akafariki Jumapili, Julai 12, 2015, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 78. Kati ya tarehe hizo mbili kuna vipindi ambavyo Mkenya yeyote aliyekulia mbele ya runinga ya taifa anaweza kuvitaja bila kufikiri: *Darubini*, *Vituko*, *Vitimbi*, *Vioja Mahakamani*.

Kwa msomaji kijana, inafaa kueleza hali ilivyokuwa. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, VoK, jina lililodumu hadi 1989 liliporudishwa kuwa KBC. Kituo cha kwanza cha binafsi, KTN, kilikuja mwaka 1990. Kwa hivyo katika miaka ambayo Ojwang' alikuwa akijijenga, hapakuwa na mahali pa kuhamishia kitufe. Nchi nzima ilicheka kichekesho kimoja, usiku mmoja, na kesho yake kikarudiwa shuleni, kwenye foleni ya maji na ndani ya matatu.

Kuna jambo ambalo sifa zake nyingi hulipita. Ukipiga hesabu ya miaka, utaona kwamba katikati ya miaka ya themanini Wanjau alikuwa hajafika hamsini. Alikuwa mzee wa runinga kabla hajazeeka. Ule mwendo wa kujikokota, ule mgongo, ile sauti ya mtu ambaye amekwisha kuona yote na bado anadanganywa na kila anayepita, vyote vilikuwa kazi ya mikono yake. Baadaye umri ukamfikia mhusika wake, na kwa miaka ya mwisho hakulazimika kuigiza uzee. Alihitaji tu kuingia.

*» Alikuwa mzee wa runinga kabla hajazeeka. Baadaye umri ukamfikia mhusika wake.*

Mke wake wa runingani alikuwa Mama Kayai, yaani Mary Khavere. Watazamaji wengi waliamini kabisa kwamba wawili hao wameoana, na walipoambiwa sivyo walisikitika kama waliopewa habari za talaka. Pembeni yao walikuwepo kina Othorong'ong'o na Masanduku arap Simiti, kila mmoja na Kiswahili chake, kila mmoja na namna yake ya kuingiza mambo ya wengine matatani.

Ufundi wa waigizaji hawa haukutokana na mistari iliyoandikwa na kukaririwa. Vichekesho vya Kiswahili, huku na ng'ambo ya mpaka, vimeishi kwa muhtasari: huyu ni mshtakiwa, yule ni shahidi, mbuzi ameibwa, anzeni. Mengine hutokana na masikio. Na Ojwang' alikuwa na masikio. Tazama tena kanda zake na umwangalie anapokuwa kimya. Mwenzake anasema, naye anasadiki, anashuku, anaanza kukasirika, anaikumbuka pesa aliyoahidiwa, anaimeza hasira. Yote hayo hutokea usoni kabla hajafungua kinywa. Waigizaji wengi wa vichekesho hungoja zamu yao ya kusema. Yeye alifanya kazi kubwa katika zamu za wengine.

Lafudhi ya kuazima

Mchuuzi wa samaki wa Lowarengak si wa kwanza kukataa ukweli. Kwa nusu ya Kenya, Ojwang' alikuwa Mjaluo na jambo hilo halikuhitaji ushahidi.

Vichekesho vya KBC vilijengwa juu ya lafudhi. Mluhya aliongea kama Mluhya, Mkalenjin kama Mkalenjin, na kicheko kilitoka pale ambapo Kiswahili kilipita katika ulimi wa kila mmoja na kutoka kimepinda kwa namna yake. Wako wanaosema kwamba huo ulikuwa mchezo mbaya: kwamba ulimfundisha mtoto kumwona jirani yake kama lafudhi yenye miguu, na kwamba ulizipa sura makabila yaliyokuwa karibu na Nairobi huku wengine wakiachwa nje. Hoja hiyo ina uzito ukiwa umesimama Turkana. Mturkana katika vichekesho vya Kenya amekuwa, mara nyingi mno, bawabu wa geti la tajiri. Na katika taarifa ya habari amekuwa mtu wa ukame. Mwanamitindo Ajuma Nasenyana, mzaliwa wa Lodwar, alijulikana katika majukwaa ya mitindo ya Ulaya na Marekani kabla Nairobi haijapata nafasi ya kumwandikia Mturkana sehemu ya maana katika kipindi cha jioni.

Upande wa pili unasema: lafudhi hizo ziliiweka nchi sebuleni pamoja, na kila mtu alichekwa kwa zamu.

Mimi naona tofauti iko kwa mwigizaji. Kuna anayeazima lafudhi ili tumcheke mwenye lafudhi, na kuna anayeiazima ili ampate mtu. Kichekesho cha Ojwang' hakikuwa kwamba ni Mjaluo. Kilikuwa kwamba ni mwanamume anayetaka kuonekana mkubwa kuliko mfuko wake, na mtu huyo yuko Bondo, yuko Nyeri, na kwa hakika yuko Lowarengak.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi uliozua vita, zaidi ya Wakenya 1,100 walipoteza maisha, na kwenye vizuizi vya barabarani watu waliulizwa majina kabla ya kuruhusiwa kupita. Wakati huo Mkikuyu huyu alikuwa ameishi kwa jina la Kijaluo kwa miaka na miaka, na waliokuwa wakipigana walikuwa wamelelewa naye.

Macho na mchango

Katika miaka yake ya mwisho Wanjau alisumbuliwa na macho. Uoni ulififia, kazi ikapungua, na habari za hali yake zilipoenea Wakenya walianza kuchangishana kupitia mitandao ya kijamii ili atibiwe. Watu ambao hawakuwahi kumwona ana kwa ana walituma walichonacho.

Ilikuwa harambee njema na hakuna wa kuibeza. Lakini ilizua swali ambalo wachangiaji wenyewe walilitamka waziwazi: imekuwaje mtu ambaye uso wake umekuwa runingani kwa zaidi ya miaka thelathini ahitaji mchango wa hospitali?

Jibu halimo katika ubaya wa moyo wa mtu fulani. Limo katika namna kazi yake ilivyohesabiwa. Katika vipindi vya aina ile, mwigizaji alilipwa kwa siku ya kurekodi au kwa kipindi. Alikuja, akaigiza, akatia sahihi, akaondoka na posho. Kanda ikabaki. Ikirudiwa Krismasi, ikirudiwa mwaka ujao, ikirudiwa wakati kituo hakina kitu kingine cha kuonyesha, daftari la malipo lilikuwa limekwisha kufungwa.

Wavuvi wa hapa wanalielewa jambo hili haraka kuliko wanasheria. Mavuno ya mtumbwi hugawanywa: mwenye chombo ana fungu lake, mwenye wavu lake, na walioingia majini lao, kila safari. Sasa fikiria mvuvi aliyelipwa kwa kuutega wavu mara moja tu, kisha wavu ukaendelea kunasa miaka ishirini.

*» Kanda ikirudiwa, daftari la malipo lilikuwa limekwisha kufungwa.*

Wanachosema wenye kituo

Ni haki kusikiliza upande wa pili, kwa sababu si upande wa wezi.

Kituo cha umma kilinunua kamera, kikawalipa mafundi, kikajenga seti, kikalipia umeme na mitambo ya kurushia matangazo hadi mahali ambapo hapana mfanyabiashara ambaye angepoteza pesa zake. Kilibeba hasara pia. KBC imeishi na mzigo wa mkopo wa Japan wa mwaka 1989 uliokusudiwa kuboresha mitambo, mkopo ambao uliendelea kuvimba kwa miongo. Mwenye mtazamo huo atakuuliza: ungemlipa Ojwang' fungu la marudio kutoka pato gani? Mtazamaji wa Lokitaung hakulipa chochote, na wenye matangazo ya biashara hawakuwa wakipigana kumfikia.

Kisha kuna hoja ya pili, kwamba ni kituo kilichomfanya Ojwang' kuwa Ojwang'. Bila runinga ya taifa angebaki mcheshi wa mtaa mmoja.

Hoja hii ya pili inanipa shida. Ni kweli nusu, na nusu ile nyingine ni kwamba bila kina Ojwang' na Mama Kayai kituo kingekuwa na mitambo mizuri ya kurusha hotuba. KTN ilipokuja na filamu za kigeni, na vituo vingine vikafuata, watu waliendelea kurudi KBC kwa ajili ya vipindi viwili vitatu, na vyote vilikuwa vya Kiswahili, vya bei nafuu, vyenye nyuso zilezile.

Sheria nayo ilikuwa upande wa mwenye kamera, na si Kenya tu. Mkataba wa Rome wa 1961, uliowapa wasanii haki juu ya maonyesho yao, uliweka mlango wa kutokea: mwigizaji akishakubali kurekodiwa kwa picha, haki zile hazimhusu tena kwa kanda hiyo. Mwimbaji alibaki na kitu. Mwigizaji aliachwa mikono mitupu. Pengo hilo lilikaa zaidi ya nusu karne, hadi Mkataba wa Beijing wa Juni 2012 ulipotambua haki za waigizaji katika kazi za picha na sauti. Nao ulianza kufanya kazi Aprili 28, 2020 tu, baada ya nchi ya thelathini kujiunga. Hata huo unaziachia nchi uhuru wa kuamua kwamba haki zihamie kwa mtayarishaji, ingawa zinaweza pia kumwekea mwigizaji mrabaha.

Nchini Kenya kuna PRISK, chama kilichoundwa kukusanya mirabaha ya wasanii, wanamuziki na waigizaji pamoja. Lakini ukifuatilia mijadala ya hakimiliki utaona ni muziki unaotawala. Marekebisho ya sheria yalitaja hata asilimia: mwenye wimbo unaotumika kama mlio anaousikia mpigaji simu apate angalau 52 katika kila 100. Asilimia ya uso unaorudiwa hewani haikutajwa.

Wale wengine

Wanjau hakuwa peke yake, na ni vigumu kuzitazama tarehe zao bila kuona kizazi kizima kikishuka jukwaani kwa pamoja.

Joseph Olita, aliyeshangaza ulimwengu kama Idi Amin katika filamu ya Sharad Patel ya 1981 na kuitwa tena kuwa Amin katika *Mississippi Masala* ya Mira Nair ya 1991, alifariki Siaya mwezi Juni 2014. Mwezi huohuo Tanzania ilimzika Said Ngamba, Mzee Small, baada ya maradhi ya muda mrefu. Mwaka mmoja na kidogo baadaye akafuata Ojwang'. Agosti 8, 2018, ikawa zamu ya Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, ambaye alianza kuigiza akiwa mtoto mwaka 1958 na hakuacha.

Kisa cha Majuto kina funzo la sheria. Akiwa mgonjwa, malalamiko kuhusu mikataba yake ya kazi yalifika hadi serikalini, na waziri wa wakati huo mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, akaagiza mikataba ichunguzwe. Serikali ikagundua, kama walivyokuwa wakijua wasanii wote, kwamba mtu anaweza kuchekesha Afrika Mashariki nzima kwa karatasi ambayo hakuisoma, au hakuwa nayo.

Kisha kuna Charles Bukeko, na hapa njia inapinda. Bukeko alitoka jukwaani, kwenye kazi ya kuigiza tamthilia za shule inayowalisha waigizaji wengi wa Kenya. *Papa Shirandula*, kilichoanza Citizen mwaka 2007, kilikuwa kipindi alichokibuni na kukitayarisha mwenyewe. Uso ulikuwa wake na mhusika alikuwa wake. Alifariki Julai 18, 2020, na Papa Shirandula akaenda naye. Ojwang' asingeweza kufanya hivyo hata angetaka. Katika miaka aliyokuwa akijijenga hapakuwa na kituo kingine cha kumuuzia.

Marekani nako fungu la marudio halikushuka kutoka mbinguni. Waigizaji wa Hollywood waligoma mwaka 1960 ndipo wakaanza kupata malipo filamu zao zinapoonyeshwa runingani, na waliocheza katika filamu za kabla ya mwaka huo wakakosa fungu hilo na kupewa mfuko wa pensheni na afya badala yake. Mwaka 2023 waligoma tena, siku 118, kwa sababu mitandao ya kuonyesha filamu ilikuwa imeyapunguza malipo ya marudio hadi kuwa sarafu, na kwa sababu kompyuta sasa inaweza kuunakili uso wa mtu na kuufanyisha kazi wakati mwenyewe yuko nyumbani. Hollywood wana chama chenye maelfu kwa maelfu ya wanachama na bado ilichukua karibu miezi minne.

Turkana mbele ya kamera

Ziwa Turkana lenyewe limewahi kuigiza. Sehemu za *The Constant Gardener*, filamu ya 2005, zilipigwa Loiyangalani, ng'ambo ya pili ya maji haya. Ralph Fiennes na Rachel Weisz walikuja. Lupita Nyong'o, wakati huo hajulikani, alikuwa mmoja wa wasaidizi wa utayarishaji wa filamu hiyo. Waliokuja waliguswa na hali ya maisha waliyoikuta kiasi cha kuanzisha mfuko wa kusaidia elimu. (Upepo wa upande huo sasa nao umepata kazi: mitambo 365 ya kuzalisha umeme, megawati 310, na waya unaoupeleka Suswa. Yaani upepo wa ziwa huiwashia Nairobi runinga, na Lowarengak inachaji simu kwa sola.)

Katika filamu hiyo alikuwamo John Sibi-Okumu, mmoja wa waigizaji wa Kenya waliopita katika kila chumba cha kazi hii: jukwaa, filamu, runinga, uandishi wa tamthilia. Mojawapo ya tamthilia alizoandika inaitwa *Kaggia*, kuhusu Bildad Kaggia, na hapo Turkana inarudi kwa mlango mwingine. Kaggia ni mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria, na alifungwa Lokitaung, jirani ya Lowarengak, katika miaka ya hamsini, pamoja na Jomo Kenyatta ambaye mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar. Historia nzito kabisa ya nchi ilipita hapa. Vijana wa hapa wangeweza kuiigiza wakiwa wamesimama juu ya mawe yenyewe.

Na vijana wapo. Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa wakimbizi wa vita vya Sudan, ilipata skrini za usiku mwaka 2001, shirika la FilmAid lilipoanza kuonyesha filamu uwanjani na baadaye kuwafundisha vijana wa kambini kushika kamera. Wapo waliojifunza huko kuandika, kupiga picha na kuhariri kwa Kiswahili, Kiarabu, Kisomali na lugha za Sudan Kusini. Lodwar ina tamasha lake la utamaduni, Tobong'u Lore. Shule nazo zina mashindano ya taifa ya drama, yaliyoanza 1959, ingawa shule ya kaskazini hulazimika kwanza kupata nauli ya kushuka hadi mashindano ya eneo.

Huwa hakosekani, katika vikundi vya shule hizo, mvulana wa kidato cha pili anayepewa kuwa mzee. Anapakwa unga kichwani, anapewa fimbo, na akitembea hatua tatu ukumbi mzima unajua amemtazama nani.

Nambari chini ya picha

Wakati Wanjau anaanza, mwenye kituo angeweza kusema, na asiwe anadanganya, kwamba hajui ni watu wangapi wametazama kanda ya marudio. Hakuna aliyehesabu redio na runinga za Turkana Kaskazini. Malipo ya mara moja yalikuwa rahisi kwa sababu hapakuwa na kipimo kingine.

Hali hiyo imekwisha. *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani* ziko YouTube, kwenye ukurasa wa kituo chenyewe na kwenye kurasa za watu wasiohusika kabisa ambao walizinyofoa na kuzipandisha upya. Chini ya kila kipande kuna nambari. Inapanda mtu akitazama Nairobi, inapanda mtu akitazama Doha au Minneapolis, na jioni ile Lowarengak ilipanda kwa moja, ingawa waliotazama walikuwa wengi kwenye simu hiyo moja. Matangazo ya biashara yanayotangulia kipande nayo yanahesabiwa, hadi senti.

Kwa kipimo cha Mkataba wa Beijing, haki za mwigizaji hudumu angalau miaka 50 tangu kurekodiwa. Kanda iliyorekodiwa mwaka 1985 ingelindwa hadi 2035. Othorong'ong'o, Masanduku na wenzao wamo katika kanda hizo, na wengine katika kizazi hicho wamekwisha kuacha wajane na watoto. Mama Kayai naye yumo, karibu katika kila moja.

Wanaosimamia hakimiliki wakiamua kuanza hesabu, mahali pa kuanzia si pagumu kupata. Majina ya waigizaji yanapita mwishoni mwa kila kipindi, kwa herufi nyeupe, kwa kasi kidogo. Pale kwenye kibanda, kijana wa Lodwar aliisimamisha picha palepale ili mchuuzi wa samaki asome mwenyewe.